Kwenda Mwezini Kulikuwa Nusu ya Kazi

Leo nimekuja na habari ya safari za mwezini, na nitaisimulia kuanzia upande ambao aghalabu hausimuliwi.

Tarehe 25 Mei mwaka 1961, Rais John F. Kennedy wa Marekani alisimama mbele ya bunge la nchi yake akatoa ahadi. Alisema kwamba kabla ya muongo ule kwisha, taifa lake limpeleke binadamu mwezini na limrudishe duniani salama. Siku hiyo Marekani ilikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kufika anga za juu, Alan Shepard, na safari yake ilichukua dakika 15. Alipanda, akashuka. Hata kuizunguka dunia hakuizunguka.

Nusu ya kwanza ya ahadi ile tunaikumbuka wote. Picha ya unyayo kwenye vumbi tunaijua, bendera tunaijua, jina la Neil Armstrong linajulikana hadi kwa watoto wa chekechea. Nusu ya pili, ile ya kumrudisha mtu salama, imeachwa njiani, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisemea jioni hii. Maana wahandisi waliokabidhiwa kazi ile walitambua mapema kwamba kumfikisha mtu mwezini ni kugumu, lakini kumtoa huko ndiko kunakoamua mambo yote: umbo la chombo, uzito wake, idadi ya injini zake, hata namna ya kukaa kwa waliokipanda. Wazee wetu wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Vyombo vya Apollo, mpango huo wa mwezini, vilibuniwa kuanzia ngamani.

Tuanze na uzito. Roketi ya Saturn V ilikuwa na urefu wa mita 110, na ikishajazwa ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900. Sehemu yake ya chini ilikuwa na injini tano zilizochoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Injini hizo tano zilimeza zaidi ya tani 13 kila sekunde. Baada ya dakika mbili na nusu hivi kazi yao ilikwisha, na sehemu yote ile ikaachwa ianguke baharini. Ya pili ikapokea, nayo ikatupwa. Ya tatu ikawaweka wanaanga kwenye mzunguko wa kuizunguka dunia, kimo cha kilomita 185 hivi, ikazimwa. Kisha baada ya saa mbili na ushei ikawashwa tena, ikawasukuma kuelekea mwezini kwa kasi ya karibu kilomita 39,000 kwa saa.

Sasa sikilizeni hesabu yenyewe. Katika tani hizo 2,900, kilichorudi duniani ni kapsuli moja yenye kipenyo cha mita 3.9 na uzito wa tani tano hivi. Basi. Vingine vyote vilichomwa, vilitupwa baharini, viliachwa angani, au vilibaki mwezini. Kila kilo iliyotakiwa irudi ilidai kilo nyingi za mafuta ya kuisukuma, na mafuta hayo nayo yalidai mafuta mengine ya kuyanyanyua kutoka ardhini.

Mwanzoni wengi waliona njia iliyo nyoofu kuliko zote ni kupeleka chombo kimoja, kitue mwezini kizima kizima, kisha kiruke na kurudi. Lakini hebu fikirieni maana yake. Mafuta ya kurudia nyumbani, ngao ya kuzuia joto, miavuli ya kutulia baharini, vyote hivyo vingeteremshwa hadi kwenye vumbi la mwezi, ambako havina kazi yoyote, kisha vinyanyuliwe tena. Kwa kazi hiyo ingehitajika roketi kubwa zaidi hata ya Saturn V. Ilikuwa na jina, Nova, lakini haikupata kujengwa. Wernher von Braun, mkuu wa waunda roketi, alielekea zaidi kwenye mpango wa kurusha roketi zaidi ya moja na kuunganisha vipande karibu na dunia.

Katika kituo cha utafiti cha Langley, jimbo la Virginia, alikuwapo mhandisi mmoja aliyeitwa John Houbolt. Yeye alishikilia wazo jingine. Nahodha mwenye akili haiingizi meli yake kubwa kwenye miamba; hutia nanga maji marefu, akashusha mashua, watu wakaenda pwani na kurudi kwa mashua. Houbolt akasema na tufanye hivyo hivyo: chombo kikubwa kibaki kikiuzunguka mwezi pamoja na mafuta ya kurudia, ngao na miavuli, na chombo kidogo kabisa ndicho kishuke na watu wawili. Wakimaliza, wapande nacho, wakutane na mwenzao, kisha mashua hiyo itupwe. Wazo halikuwa jipya. Yuri Kondratyuk, aliyezaliwa Ukraine, alikuwa ameliandika miongo kadhaa nyuma, kabla ya mtu yeyote kuwa na roketi ya maana. Lakini Houbolt ndiye aliyelipigania mbele ya wakubwa wasiotaka kulisikia, na baadhi yao walimdhihaki waziwazi kikaoni. Mwezi Novemba 1961 aliwaruka wakuu wake wote akaandika barua moja kwa moja kwa Robert Seamans, mmoja wa viongozi wa juu wa NASA, shirika la anga la Marekani. Katikati ya mwaka 1962 von Braun mwenyewe aligeuka akamuunga mkono, na Julai mwaka huo mpango ukatangazwa rasmi. Kwa maoni yangu, barua ile ya mtumishi asiye na cheo kikubwa ina uzito sawa na roketi yenyewe. Bila hiyo, ahadi ya Kennedy isingetimia ndani ya muongo ule.

Wasiwasi wa waliompinga, hata hivyo, ulikuwa na msingi. Vyombo viwili vingelazimika kukutana vikiwa vinakwenda kwa kasi ya kilomita 6,000 hivi kwa saa, mahali palipo umbali wa kilomita zipatazo 380,000 kutoka duniani. Visipokutana, watu wawili watafia huko. Na mwaka 1962 Wamarekani hawakuwa wamewahi kukutanisha vyombo viwili angani, hata hapa hapa juu ya vichwa vyetu. Walikuja kufaulu Desemba 1965, chombo cha Gemini 6 kilipokifuata kile cha Gemini 7 mpaka kikasimama mita chache tu kutoka kwake. Machi 1966 Armstrong na David Scott wakakiunganisha chombo chao cha Gemini 8 na kingine kwa mara ya kwanza. Buzz Aldrin, ambaye wengi humtaja tu kama mtu wa pili kukanyaga mwezi, alipata shahada yake ya udaktari katika chuo cha MIT mwaka 1963 kwa kuandika juu ya jambo hili hili, vyombo kukutana angani. Naye Katherine Johnson, mama Mmarekani mweusi mzaliwa wa West Virginia, bingwa wa hesabu wa Langley, alipoulizwa uzeeni ni mchango gani aliouthamini kuliko yote, alitaja hesabu za kuoanisha chombo kilichoshuka mwezini na kile kilichobaki kikizunguka. Katika kazi zote alizozifanya, alichagua ile ya kuwarudisha watu kwa mwenzao.

Chombo cha kushukia kilijengwa na kampuni ya Grumman huko Long Island, New York, chini ya mhandisi Thomas Kelly. Kwa kuwa mwezini hakuna hewa, hakikuhitaji umbo la kupasua upepo. Kilikuwa na miguu minne, pembe pembe, na kuta ambazo sehemu nyingine unene wake ulikuwa chini ya nusu milimita. Viti viliondolewa ili kupunguza uzito, na wanaanga wakawa wanasimama. Kiligawanyika sehemu mbili: ya chini yenye injini ya kushukia, na ya juu yenye chumba cha watu na injini ya kuondokea. Hiyo ya juu nitairudia.

Kabla ya safari yoyote kufika, watu watatu walikufa wakiwa ardhini, na si haki kuruka jambo hili. Tarehe 27 Januari 1967, huko Florida, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa wamefungiwa ndani ya kapsuli wakifanya mazoezi ya kuondoka. Roketi haikuwa na mafuta. Kapsuli ilikuwa imejazwa oksijeni tupu, kwa shinikizo lililozidi kidogo la hewa ya nje. Moto ukawaka, na katika oksijeni tupu moto hauna subira. Mlango ulifungukia ndani, na shinikizo la moto likauziba kwa nguvu ambazo binadamu hawezi kuzishinda. Baada ya hapo mlango ulibuniwa upya ufungukie nje kwa sekunde chache, vitu vinavyoshika moto upesi viliondolewa, na hewa ya ndani wakati wa kuondoka ikachanganywa na naitrojeni. Waliokwenda mwezini walisafiri ndani ya chombo kilichorekebishwa kwa sababu ya Grissom, White na Chaffee.

Apollo 11 iliondoka tarehe 16 Julai 1969, saa 10 na dakika 32 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki. Chombo kidogo, Eagle, kilitua tarehe 20 saa 5 na dakika 17 usiku, na Armstrong akaweka mguu kwenye vumbi huku kwetu ikiwa tarehe 21, dakika nne kabla ya saa 12 asubuhi. Hayo mmeyasikia mara nyingi. Twende kwenye yale yaliyofuata.

Injini ya kuwatoa mwezini ilikuwa moja. Haikuwa na ya akiba, wala kusingekuwa na mtu wa kuja kuwachukua. Kwa hiyo wabunifu waliifanya iwe nyepesi kueleweka kuliko zote. Haikuwa na pampu, maana pampu huharibika. Gesi ya heliamu ndiyo iliyoyasukuma mafuta. Haikuwa na cheche ya kuwashia, maana cheche huweza kukataa; vimiminika vyake viwili vilikuwa vya aina inayowaka vyenyewe mara tu vinapokutana. Haikugeuzwa huku wala huku, na haikuongezwa wala kupunguzwa nguvu. Ilitakiwa iwake, iendelee kuwaka kwa dakika saba hivi, kisha izimwe. Sehemu ya chini ya chombo, ile yenye miguu, ndiyo ingekuwa jukwaa la kurukia, na ingebaki pale pale milele.

Armstrong na Aldrin waliporudi ndani baada ya kutembea, waliona kipande cha swichi kimeanguka sakafuni. Kilikuwa cha swichi ya umeme ya kuiandaa injini ile ile ya kuondokea. Inaelekea mmoja wao alikigonga kwa mkoba wake mkubwa wa mgongoni katika chumba kile chembamba. Swichi hiyo isipobonyezwa, umeme haufiki. Kwa kuwa mle ndani mna umeme, Aldrin hakutaka kutia chuma wala kidole. Akachukua kalamu yake ya wino yenye ncha ya nyuzi, akaiingiza kwenye tundu, akasukuma. Ikashika. Mpango uliogharimu mabilioni ya dola ulifika mahali ukategemea kalamu iliyokuwa mfukoni mwa vazi lake.

Washington nako walikuwa wamejiandaa kwa lolote. Mwandishi wa hotuba William Safire alikuwa amemwandikia Rais Richard Nixon tanzia ya kulisomea taifa iwapo wawili wale wasingeweza kuondoka. Na Michael Collins, mtu wa tatu, aliyebaki peke yake juu ndani ya chombo kikubwa, Columbia, alikuja kueleza baadaye kwamba hofu aliyoificha moyoni kwa miezi sita ilikuwa hiyo: kuwaacha wenzake na kurudi duniani peke yake. Kila mzunguko wake ulichukua saa mbili hivi, na katika kila mzunguko alipotelea nyuma ya mwezi kwa dakika zipatazo 48, mahali ambapo hapana sauti ya mtu hata mmoja. Collins hakukanyaga mwezi. Kwa miaka mingi watu walimuuliza kama alisikitika kwa hilo, nami naona swali lile lilikuwa dogo mno kwa kazi aliyoifanya. Meli ilikuwa mikononi mwake.

Ilipotimia saa 2 na dakika 54 usiku wa tarehe 21 Julai kwa saa zetu, injini iliwaka. Aldrin aliiona bendera ikianguka kwa nguvu ya moshi wa injini. Naam, bendera ile inayojulikana dunia nzima iliangushwa dakika ile ile ya kuanza kurudi. Chini ya saa nne baadaye vyombo viwili viliungana, Collins akafungua mlango, na wenzake wakaingia wakiwa na vumbi jeusi na masanduku ya mawe.

Ilibaki injini nyingine moja, nayo pia haikuwa na akiba: ile kubwa ya chombo cha juu, ya kuwatoa katika mzunguko wa mwezi na kuwaelekeza duniani. Na kwa mpangilio wa njia yenyewe, ililazimika kuwashwa nyuma ya mwezi, ambako redio haifiki. Wa kwanza kuonja jambo hilo walikuwa Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders wa Apollo 8, Desemba 1968. Hao walikwenda bila chombo cha kushukia, wakauzunguka mwezi mara kumi, na siku ya Krismasi, kama saa 3 asubuhi kwa saa zetu, wakawasha injini hiyo wakiwa wamefichwa na mwezi. Isipowaka, wangebaki wakizunguka mpaka oksijeni iishe. Kituo cha Houston kilikaa kimya kikisubiri, hadi sauti ya Lovell ikatokea.

Katika safari hizo waliokaa ardhini walikuwa na chombo kimoja tu cha kuwafikia wenzao, redio. Antena kubwa za California, Uhispania na Australia zilipokezana kadiri dunia ilivyogeuka. Kazi hiyo ya kusikiliza iliwahi kupita hata kwetu. Miaka michache kabla ya Apollo, wakati wa mpango wao wa awali wa kurusha watu angani, Mercury, kulikuwa na kituo cha Wamarekani Tunguu, Unguja, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 sauti yake ilipokelewa hapo alipokatiza Bahari ya Hindi. Kituo hicho hakikuwa na raha ya siasa. Walikuwapo Wazanzibari waliokipinga tangu mwanzo, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa. Lakini vijana wetu wajue kwamba kisiwani kuna mahali palipopata kuzungumza na mtu aliye angani, na waitafute habari hiyo kwa wazee wakati bado wapo.

Nimefika kwenye Apollo 13, na hapa nitakaa kidogo.

Ilikuwa alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1970 kwa saa zetu. Lovell, Jack Swigert na Fred Haise walikuwa kiasi cha kilomita 320,000 kutoka duniani walipoambiwa wakoroge matangi ya oksijeni, jambo la kawaida. Tangi namba mbili likalipuka. Chanzo kilikuwa kidogo na cha zamani: ndani ya tangi mlikuwa na swichi za kudhibiti joto zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 28, lakini huko Florida kabla ya safari ziliunganishwa na umeme wa volti 65. Zikagandana, joto likapanda bila kukatwa, na ngozi ya nyaya ikaungua. Hakuna aliyejua. Tangi likasafiri hivyo hivyo mpaka cheche ilipotokea.

Oksijeni ile ndiyo iliyokuwa ikizalisha umeme na maji. Ndani ya muda mfupi chombo kikubwa kilikuwa kinakufa. Watu watatu wakahamia kwenye chombo cha kushukia, Aquarius, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili kwa siku mbili hivi, wakaishi humo watatu kwa siku nne. Injini iliyokusudiwa kuwateremsha mwezini ikatumiwa kurekebisha njia, wakapita nyuma ya mwezi, kisha ikawashwa tena kwa dakika nne na zaidi ili kuharakisha safari ya nyumbani. Walizima karibu kila kitu ili kuokoa umeme. Joto lilishuka karibu na la friji, kuta zikatoa jasho, na maji ya kunywa yakapimwa, kila mtu chini ya glasi moja kwa siku.

Kisha pumzi zao wenyewe zikaanza kuwa sumu. Masanduku ya kuchuja hewa chafu ya chombo kikubwa yalikuwa ya mraba, na ya chombo kidogo yalikuwa ya mviringo. Hayakuingiliana. Wahandisi wa Houston wakakusanya juu ya meza vitu vile tu ambavyo wale watatu walikuwa navyo: mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mipira ya hewa ya mavazi yao, na gundi ya utepe. Wakaunda kifaa, wakakijaribu, kisha wakawasomea wanaanga kwa redio namna ya kukitengeneza, hatua kwa hatua, bila picha yoyote. Wasikilizaji, mimi nimekula chumvi ya redio miaka mingi, na sijui mfano mwingine unaoonesha vizuri zaidi nini maneno yaliyopangwa sawasawa yanaweza kufanya. Sumu ilishuka. Tarehe 17 Aprili, saa 3 na dakika 7 usiku kwa saa zetu, walitua katika Bahari ya Pasifiki wakiwa hai.

Safari ile imeandikwa katika vitabu kuwa iliyoshindwa kutua. Kwa kipimo cha ahadi ya Kennedy ilitimiza nusu moja, na ni nusu iliyo nzito zaidi.

Hata injini zote zikitii, mlango wa kuingilia nyumbani ni mwembamba. Kapsuli ikitoka mwezini hufika kwenye anga la dunia kwa kasi ya karibu kilomita 40,000 kwa saa. Ilitakiwa iingie kwa mlalo wa nyuzi sita na nusu hivi. Ikija kwa kulala mno, ingepita na kutokomea tena angani. Ikija wima mno, joto na uzito wa kupunguza mwendo vingeipondaponda pamoja na waliomo. Mbele yake hewa iliwaka kufikia nyuzi 2,700 za Selsiasi hivi. Kilichowakinga ni ngao iliyotengenezwa kwa utomvu maalumu uliojazwa katika vitundu zaidi ya 300,000, na kila kitundu kilijazwa kwa mkono wa mfanyakazi, kimoja baada ya kingine. Ngao hiyo ilikusudiwa iungue. Ilipoungua na kumomonyoka, iliondoka na joto. Kwa dakika tatu hivi redio haikusikika, kisha miavuli mitatu mikubwa, kila mmoja wa mita 25 hivi, ikafunguka juu ya bahari. Miavuli nayo ilikunjwa kwa mikono. Apollo 15 iliporejea Agosti 1971 mmoja ulisinyaa, na miwili iliyobaki ikatosha, kwa sababu mtu fulani aliketi akafikiria kwamba mmoja unaweza kusinyaa.

Warusi walioshindana na Wamarekani waliijua vizuri hatari hiyo ya kurudi. Mwanaanga wao Vladimir Komarov alikufa Aprili 1967 baada ya mwavuli wa chombo chake, Soyuz 1, kukataa kufunguka ipasavyo. Nao ndio waliokuwa wa kwanza kuwazungusha viumbe hai nyuma ya mwezi na kuwarudisha: chombo cha Zond 5, Septemba 1968, kilichobeba kobe. Kobe hao walitua katika Bahari hii hii ya Hindi wakiwa wazima.

Kati ya Desemba 1968 na Desemba 1972 safari tisa za Apollo zilifika mwezini. Watu 24 walikwenda, watatu kati yao mara mbili, na 12 walikanyaga. Walirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Na katika hao 24, hakuna hata mmoja aliyebaki huko. Armstrong, Aldrin na Collins walizungushwa dunia nzima kusalimia watu mwaka ule wa 1969, na Kinshasa ilikuwa kati ya miji iliyowapokea.

Msidhani mambo haya yamekuwa mepesi. Novemba 2022 Marekani ilirusha chombo cha Artemis I kwenda kuuzunguka mwezi bila mtu ndani. Kila kitu kilionekana kwenda sawa, lakini kapsuli ilipookolewa baharini ikaonekana kwamba ngao yake imemeguka vipande katika sehemu nyingi, tofauti na hesabu zilivyotabiri. Uchunguzi ulichukua muda mrefu. Pale pale kwenye kurudi.

Nina ombi kwa walimu wa sayansi na hesabu mnaonisikiliza. Mkiwachorea wanafunzi roketi ubaoni, msiishie hapo. Wapeni tani 2,900 zilizoondoka na tani tano zilizorudi, kisha waulizeni kila tani iliyopotea ilipotelea wapi na kwa kazi gani. Watakaoweza kujibu wataijua safari ya mwezini kuliko watu wazima wengi walioiona kwenye picha.